Namba ya deraya ya zamani: itoe kwenye 20
Wenzangu wa Lamu mnaocheza Dungeons & Dragons (mchezo wa kuigiza hadithi kwa dadu) barazani kwa vitabu vya zamani, wekeni majedwali kando. Namba ya deraya (kinga ya mhusika dhidi ya kupigwa) ya toleo la pili (1989) itoe kwenye 20, utapata ya toleo la tatu (2000): zimwi la deraya 5 huwa 15, na -2 huwa 22. THAC0 (namba unayohitaji kwenye dadu kumpiga mwenye deraya 0) vilevile itoe kwenye 20: 17 ni nyongeza ya 3 kwenye dadu. Nafasi ya kupiga haibadiliki hata chembe, kwani asiye na deraya ni 10 kote. Zamani kinga ilihesabiwa kushuka, sasa hupanda. Vijitabu vya mchezo huu vya 1981 humpa asiye na deraya 9, kwa hiyo toa kwenye 19. Toleo la tano msijaribu: zimwi la 2014 lina deraya 11 tu lakini uhai 59, hesabu yake imesukwa upya.