Kabla jirani hajachimba choo: kulinda kisima chako pembezoni mwa Dar es Salaam

Kiwanja cha mita 20 kwa 20 ndicho wengi wetu tunachokimudu huko Chanika, Goba, Bunju au ndani ndani ya Kigamboni. Chukua futi kamba upime kutoka kona moja hadi kona ya mkabala: hupati hata mita 29. Sasa kumbuka kanuni ambayo mabwana afya wamekuwa wakiirudia miaka yote, kwamba kisima kikae angalau mita 30 kutoka kwenye shimo la choo. Hesabu inakataa. Hata ukiweka kisima kona hii na choo kona ile, hujaifikia. Na bado hujawahesabu majirani wanaokuzunguka, ambao kila mmoja atachimba choo chake anapopenda, mara nyingi nyuma kabisa ya nyumba, ukutani kwako.

Kwa hiyo uzio haulindi kisima. Kinachokilinda ni makubaliano, na makubaliano hayo yanawezekana wakati viwanja vingi bado ni mihogo na mikorosho. Mtaa ukishajaa nyumba, kazi inayobaki ni kutibu maji, na hiyo ni gharama ya kila siku isiyokwisha. Haya ninayoyaandika hapa ni ya kufanya mapema, ukiwa ndiyo kwanza umenunua, au ukiwa umekaa miaka kadhaa na sasa unaona vigingi vya wapimaji vimeanza kuota jirani.

Ujue maji yako yanatoka tabaka gani

Ardhi ya Dar na viunga vyake kwa sehemu kubwa ni mchanga uliopishana na matabaka ya udongo wa mfinyanzi. Maji ya juu, yale ya visima vya makalavati, hayana kifuniko: kinachomwagwa juu leo kinashuka nayo. Chini yake, sehemu nyingi, lipo tabaka la udongo mzito, na chini ya tabaka hilo ndiko visima virefu vinakochota. Udongo huo mzito ni kinga kubwa, lakini mwenye mashine ya kuchimbia anautoboa. Akishusha bomba bila kuziba vizuri nafasi inayobaki kati ya bomba na udongo, ameyafungulia maji machafu ya juu njia ya kushuka moja kwa moja hadi kwenye maji safi, na si yako peke yako.

Kwa walio karibu na bahari kuna jambo la pili. Maji baridi, yaani yasiyo na chumvi, yanaelea juu ya maji ya chumvi kwa sababu ni mepesi zaidi. Kanuni inayojulikana kwa wanajiolojia inasema kila mita 1 ya maji baridi iliyo juu ya usawa wa bahari inabeba takriban mita 40 za maji baridi chini ya usawa huo. Tafsiri yake ni nzito: ukivuta maji hadi usawa wa kisima ukashuka kwa mita 1 na kubaki hapo, chumvi inaweza kupanda mita 40 kutoka chini. Chumvi ikishaingia, kuiondoa huchukua miaka mingi, na kuchimba chini zaidi kunakupeleka kwake.

Sisemi haya ili watu waache visima. Ukame wa mwaka 1997 ndio uliolifanya jiji lichimbe visima kwa haraka na kwa wingi, na Oktoba 2022, maji ya mto Ruvu yalipopungua na DAWASA, mamlaka ya maji ya jiji, ikatangaza mgao, wenye visima ndio waliobeba mitaa yao. Sensa ya 2012 ilihesabu watu 4,364,541 mkoani Dar es Salaam, ya 2022 ikahesabu 5,383,728, na sehemu ndogo tu ya nyumba zimeunganishwa na mabomba ya maji taka. Wengine wote tunategemea mashimo, kwenye ardhi ileile tunamochota maji.

Pima sasa, wakati maji bado ni mazuri

Hili ningeliweka mbele ya yote, na ndilo linalopuuzwa kuliko yote. Peleka maji yako maabara kabla ujenzi wa jirani haujaanza. Watu wengi hupima baada ya harufu kutokea, na hapo hawana cha kulinganisha. Mwenye mradi atakwambia maji yako yalikuwa hivyo tangu zamani, nawe huna jibu. Wizara ya Maji ina maabara za ubora wa maji mikoani, Dar ikiwamo. Omba wapime vijidudu vya kinyesi, naitreti (kemikali inayotokana na kinyesi na mbolea), chumvi, chuma na uchachu. Kwa vipimo vya Shirika la Afya Duniani, maji ya kunywa hayatakiwi kuwa na kijidudu cha E. coli hata kimoja katika mililita 100, na naitreti isizidi miligramu 50 kwa lita.

Chupa ya kupima vijidudu ichukue maabara kwenyewe, kwa sababu imesafishwa kwa namna yake. Usiisuuze, usiguse mdomo wake, iweke kwenye barafu na uifikishe siku hiyo hiyo. Maji yatoke kisimani moja kwa moja, si kwenye simtanki. Tanki lina uchafu wake.

Naitreti naisisitiza kwa sababu haionekani, hainuki na haina ladha, na ndiyo ishara ya mapema kwamba vyoo vinafika kwenye maji yako. Kuchemsha hakuiondoi. Maji yakipungua kwenye sufuria, naitreti inabaki na kuzidi kukolea. Anayeumia zaidi ni mtoto mchanga wa chini ya miezi sita anayekorogewa maziwa ya kopo, kwa kuwa damu yake inashindwa kubeba oksijeni. Nyumba yenye mzazi na mtoto wa umri huo isiamini kisima ambacho hakijapimwa.

Kingine ni kina. Funga kitu kizito kwenye kamba isiyonyumbuka, shusha asubuhi kabla pampu haijawashwa, andika umbali kutoka mdomo wa kisima hadi maji yalipo. Fanya hivyo mwisho wa kiangazi na baada ya masika. Mwenye kisima kirefu amwambie fundi aache tundu dogo lenye kifuniko kwa ajili ya kipimo hiki, maana bomba likishafungwa na pampu kuwekwa, kamba haipiti tena.

Kama bado hujachimba

Kabla ya mashine kuja, nenda Bodi ya Maji ya Bonde, ofisi ya serikali inayosimamia maji ya mito na ya ardhini katika eneo lenu. Kwa Dar na sehemu kubwa ya Pwani ni Bonde la Wami/Ruvu. Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya mwaka 2009 inataka vibali kwa uchimbaji wa visima virefu na matumizi ya maji, na mchimbaji mwenyewe awe na leseni. Najua wengi wanaona kibali ni usumbufu. Mimi nakiona kama cheti cha kuzaliwa cha kisima: siku jirani akitaka kuchimba kikubwa cha kujazia maboza mita chache kutoka kwako, kisima chenye kibali kipo kwenye kumbukumbu na kinaweza kutetewa.

Mwandikiane na mchimbaji kwamba ataziba sehemu ya juu ya nafasi iliyo nje ya bomba kwa saruji au udongo maalumu unaovimba, na kwamba atakupa taarifa ya kisima yenye matabaka aliyoyapita, kina cha vichujio (vipande vya bomba vyenye matundu ya kuingizia maji), kina cha maji na kiasi kinachotoka kwa saa. Mdomo wa bomba uinuke juu ya ardhi kuliko mafuriko ya eneo lenu yanavyofika, na uzungukwe na sakafu ya zege inayomwaga maji nje. Kisima cha makalavati kiwe na kifuniko kinachobana na maungio yaliyozibwa kwa mita kadhaa za juu. Ndoo yenye kamba inayolala chini inatosha kukichafua kila siku.

Kikao cha mtaa, na ramani ya mkono

Mwombe mwenyekiti wa serikali ya mtaa au mjumbe aitishe kikao cha wenye viwanja, pamoja na wale ambao bado hawajajenga. Namba zao dalali anazo. Nendeni na karatasi kubwa, mchore viwanja vyote, mwinuko wa ardhi na visima vilivyopo. Kisha mkubaliane upande. Vyoo vyote viende, kwa mfano, mstari wa mbele karibu na barabara, na visima vikae mstari wa nyuma ambako viwanja vinapakana mgongo kwa mgongo. Hata kwa viwanja vya 20 kwa 20 mpango huo unawatenganisha vizuri zaidi kuliko kila mtu kujichagulia, na gari la kunyonya maji taka linafika kirahisi. Maji ya chini kwa kawaida hufuata mwinuko wa ardhi, basi choo kisiwe upande wa juu wa kisima cha mtu.

Na pale ambapo nafasi haitoshi hata kwa mpango huo, nadhani ni busara zaidi watu wanne au watano wachangie kisima kimoja kirefu kilichochimbwa vizuri kuliko kila mmoja kutoboa chake. Matundu machache maana yake ni njia chache za uchafu kushuka.

Mkubaliane pia juu ya kina cha vyoo. Shimo refu linasifiwa kwa sababu linachelewa kujaa, lakini shimo linalogusa maji linavimwaga vijidudu humo bila mchanga kuvichuja. Chini ya shimo pabaki angalau mita 2 za udongo mkavu, zikipimwa baada ya masika, si Septemba. Penye maji ya karibu, karo lililojengwa na kuzibwa chini ndilo linalofaa, na linyonywe kwa gari. Kutapisha choo mvua inaponyesha kukatazwe kwa sauti moja. Kipindupindu kilichoanzia Dar Agosti 2015 na kuenea mikoa mingi kinatosha kutukumbusha kinachosafiri kwenye maji ya namna hiyo.

Ujenzi unapoanza

Hapa kuna hatari moja isiyozungumzwa: dawa ya mchwa. Fundi huinyunyizia kwenye msingi na chini ya sakafu kabla ya kumwaga zege, mara nyingi kwa kukadiria kwa jicho, halafu anaosha ndoo na pampu ya dawa kwenye kisima au kando yake kwa sababu ndipo maji yalipo. Mwombe jirani akwambie siku ya kupiga dawa. Isipigwe mvua ikiwa inanukia, vyombo visioshewe karibu na kisima, na penye kisima kifupi jirani kabisa na ukuta, upande huo utafutiwe njia nyingine ya kuzuia mchwa.

Dizeli ya mashine na oili chafu zikae juu ya turubai au zege, mbali na visima. Mchanga usichimbwe kiwanjani ili kuuza au kufyatulia tofali. Huo ndio unaochuja maji yenu, na shimo linaloachwa hugeuka jalala. Kisima cha zamani kilichoachwa ndicho kibaya zaidi kikigeuzwa shimo la taka au la choo. Kijazwe mchanga safi, kisha udongo wa mfinyanzi ulioshindiliwa, na juu zege.

Halafu mvua. Milimita 1 ya mvua juu ya mita 1 ya mraba ni lita 1. Dar hupata takriban milimita 1,000 kwa mwaka, kwa hiyo paa la mita za mraba 100 linapokea kama lita 100,000, maji ambayo zamani sehemu yake ilizama ardhini. Ukifunika ua wote kwa zege, yanakimbilia barabarani. Acha udongo na miti, vuna ya paa kwenye tanki, na yanayozidi yaelekeze kwenye shimo lenye mawe na mchanga, mbali na choo. Ya gereji au ya kuoshea magari yasiingie humo kamwe.

Miradi mikubwa ina mlango wake. Kituo cha mafuta kinahitaji tathmini ya athari kwa mazingira inayosimamiwa na NEMC, chombo cha taifa cha kusimamia mazingira, na wakazi wana haki ya kusikilizwa. Fikeni kwenye mkutano huo na majibu yenu ya maabara na ramani yenu, muulize matangi yatakuwa na kuta ngapi, na nani atapima visima vya jirani na kila baada ya muda gani. Yakubaliwayo yaandikwe.

Maji yakibadilika

Mafuriko yakifunika kisima, usiwashe pampu kwanza. Fundi umeme aikague. Kisima cha makalavati chenye kipenyo cha mita 1 kina takriban lita 785 kwa kila mita ya maji. Klorini ya unga yenye nguvu ya asilimia 65 hadi 70 huwekwa kama gramu 75 kwa kila lita 1,000, ikiyeyushwa kwanza kwenye ndoo. Kisima hicho kikiwa na mita 3 za maji kitachukua gramu 175 hivi. Iache usiku mzima bila mtu kuchota, kisha yavute na kuyamwaga hadi harufu iishe, upeleke sampuli maabara kabla ya kuyanywa.

Kama tatizo ni harufu ya mafuta au dawa, klorini haisaidii na kuchemsha hakusaidii. Acha kuyanywa, kuyapikia na kuyaogea, hifadhi sampuli kwenye chupa ya kioo iliyojaa hadi juu, andika tarehe, na uwajulishe mtendaji wa mtaa na Bodi ya Bonde kwa maandishi. Wanaochota kwako waambie siku hiyo hiyo, bila kungoja majibu.