Jinsi ya kuchunguza dai la afya kabla ya kuliamini

Ukikutana na dai kwamba kitu fulani kinatibu au kinadhuru, usianze kwa kuukagua ukurasa wenyewe. Tapeli naye anajua kuweka picha ya daktari na maandishi nadhifu. Litafute kando jina la tovuti au la mwandishi, uone wengine wanamwelezaje na anauza nini. Muuza virutubisho si lazima awe mwongo, ila dai lake linahitaji shahidi mwingine.

Unapotafuta, andika swali lisilobeba jibu. “Mdalasini unaponya kisukari” itakuletea wanaokubali tu. “Matibabu ya kisukari aina ya 2” itakupa picha pana. Anzia Shirika la Afya Duniani (WHO), wizara ya afya, au tovuti ya MedlinePlus ya Maktaba ya Taifa ya Tiba ya Marekani. Kujua kama tiba inafanya kazi, nenda kwa Cochrane, mtandao wa watafiti ambao hukusanya tafiti nyingi na kuzipima pamoja. Tazama pia ukurasa ulihakikiwa mwisho lini.

Ukiambiwa “utafiti umeonyesha”, utafute utafiti huo kwenye PubMed. Kuwemo humo si muhuri wa ubora, kwani PubMed ni katalogi tu ya makala za tafiti za tiba. Je, walipimwa watu au panya? Wangapi? Walilinganishwa na nani? Makala ya jarida la tiba la Lancet ya mwaka 1998 iliyohusisha chanjo ya surua, matumbwitumbwi na rubela na usonji ilihusu watoto 12, bila kundi la kulinganisha. Ilifutwa mwaka 2010, na bado inasambazwa. PubMed huweka neno Retracted (yaani imefutwa) juu ya makala za namna hiyo.

Wengi hunaswa kwenye hesabu. Mwaka 1995 wanawake wa Uingereza walionywa kwamba vidonge vipya vya uzazi wa mpango huongeza maradufu hatari ya damu kuganda. Wengi waliviacha, na mwaka uliofuata utoaji mimba ukaongezeka. Kumbe hatari ilitoka takriban mwanamke 1 kati ya 7,000 hadi 2 kati ya 7,000. Kwa hiyo kila ukisoma “mara mbili” au “asilimia 50”, uliza: kutoka wangapi hadi wangapi, na kwa muda gani? Habari isiyotoa namba hizo haitoshi kukufanya ubadili dawa.

Programu za akili mnemba hutunga hata majina ya tafiti, basi fungua kila chanzo zinachokutajia. Na kama dai linagusa dawa unayotumia, endelea nayo hadi umwonyeshe mfamasia au daktari ukurasa ulioupata.