Kabla hujagusa mayai ya kasa

Kuna swali haliishi: nimeona kasa katagia karibu na maji, niyachukue nikayaangulie nyumbani? Hapana. Tanzania na Kenya kasa na mayai yake yanalindwa na sheria, ukikutwa na ndoo ya mayai uvunguni utakuwa na kazi ya kujieleza, kila mtu husema alikuwa anayaokoa. Kwa hiyo cha kwanza kuwa nacho ni namba za simu, afisa uvuvi, BMU ya kijijini (kikundi cha kusimamia ufukwe na uvuvi), Sea Sense kwa Tanzania (shirika la kulinda kasa) au KWS kwa Kenya (shirika la wanyamapori), na uzisevu mapema maana kasa anapanda usiku.

Alafu cheki kama kiota kina shida kweli. Tafuta ule mstari wa mwani mkavu, hapo ndo maji ya bamvua yanapofika, kiota kikiwa juu yake kiache, kikiwa chini ndo wataalamu wanakipandisha juu ufukwe huohuo.

Kwenye muda ndo wengi wanaharibu. Yai likishakaa masaa kadhaa kijusi kinajishikiza kwenye ganda kwa ndani, ukiligeuza baada ya hapo kinakufa na wewe kwa nje unaliona yai zima kabisa, unakaa miezi miwili unasubiri kitu kilichooza. Kiota cha jana usikifukue.

Wakikuita usaidie, beba ndoo safi yenye mchanga mbichi wa palepale, penseli ya kuweka alama upande wa juu wa yai, kamba ya kupimia kina, tochi ya mwanga mwekundu, na mikononi usipake losheni wala dawa ya mbu. Mayai yanaweza kupita mia, usiharakishe. Shimo jipya lifuate lile la mama yake, mdomo mwembamba chini pamepanuka, kina kilekile.

Na kina sio urembo, ndo kinatunza joto. Kwenye nyuzi kama 29 wanatoka dume na jike, joto likizidi wanakuwa majike watupu, sasa hilo boksi lako la kuangulia nyumbani chini ya bati hata sijui tuliite nini.

Juu weka wavu wa kuzuia kenge na mbwa, andika tarehe, hesabu kama siku 50 hadi 60, na jirani mwenye hoteli muombe mapema azime taa za ufukweni, maana vitoto vinafuata mwanga vinaishia barabarani.