Jampu stata kwenye gari: kuichagua, kuitunza na kuitumia gari likigoma

Mwaka jana nilipigiwa simu saa nane usiku. Baba mmoja alikuwa amekwama Doma na familia yake, kwenye barabara ya Morogoro kwenda Iringa, kabla hujaingia Hifadhi ya Mikumi. Alikuwa amesimama pembeni alale kidogo, jambo la busara kabisa, ila aliacha hazadi zinawaka na redio inaimba. Alipoamka akapiga selfu, Noah ikatoa "ka-ka-ka-ka" na kunyamaza.

Nilipofika akanionyesha kitu kilichoniuma sana. Jampu stata nzuri, yaani kile kifaa cha mkononi chenye betri yake cha kuliwashia gari lililoishiwa umeme, iko kwenye boksi lake, na nailoni yake bado. Aliinunua mwaka mmoja nyuma akaiweka kwenye buti. Chaji ilikuwa imekwisha kabisa. Nikabusti, yaani nikaipa betri ya gari umeme, kwa ya kwangu, gari likawaka mara moja. Watoto wake walikuwa wamekaa gizani zaidi ya saa mbili.

Mimi ni fundi umeme wa magari hapa Morogoro, na simu za namna hiyo napata nyingi. Zamani gari likigoma mlisukuma. Leo mengi tunayoendesha ni ya otomatiki, hayawaki kwa kusukumwa. Nyaya za kubusti nazo zinataka gari la pili, na usiku wa manane huyo atakayesimama kukusaidia humjui, wala yeye hakujui. Ndiyo maana nawasihi wateja wangu wawe na jampu stata. Lakini kuwa nayo na kuweza kuitumia ni mambo mawili.

Hatua ya 1: Nunua inayolifaa gari lako

Anza na volti. Jampu stata nyingi ni za volti 12. Magari madogo karibu yote ni volti 12, lakini Fuso, Coaster na Canter nyingi zilizotoka Japani ni volti 24, yaani betri mbili zimeungwa kwa kufuatana. Usihesabu betri tu ukaridhika. Zipo Land Cruiser zenye betri mbili ambazo zimeungwa sambamba na bado ni volti 12. Kama huna hakika, mwambie fundi apime. Ukikosea hapa unaunguza kifaa, pengine na vitu vya ndani ya gari.

Halafu ampea, yaani wingi wa umeme ambao kifaa kinasukuma kwa mara moja. Namba kubwa iliyo kwenye boksi ni ya kilele, inadumu kwa kufumba na kufumbua. Kwa IST, Vitz au Premio ya petroli, iliyoandikwa 800 hadi 1000 inatosha. Kwa dizeli ya lita 2.5 au 3.0 nenda 1500 hadi 2000, kwa sababu dizeli inabana hewa kwa nguvu zaidi na stata yake inakula umeme mwingi.

Namba ya mAh, yaani kiasi cha umeme ambao kifaa kinahifadhi, ndiyo inayodanganya watu zaidi. Seli moja ya kawaida ya lithiamu yenye mAh 3,000 ina uzito wa gramu 45 hivi. Kifaa kilichoandikwa mAh 80,000 kingehitaji seli 27, na hizo peke yake ni zaidi ya kilo moja. Ukikishika dukani na ni chepesi kama simu mbili, kirudishe kwenye rafu. Angalia pia nyaya: ziwe nene na fupi. Waya mwembamba unapata moto badala ya kupitisha umeme.

Hatua ya 2: Ichaji, kisha fanya zoezi mchana

Hii ndiyo hatua ambayo yule baba wa Doma aliiruka, na ndiyo ninayoisisitiza kuliko zote. Jumamosi moja, nyumbani, fungua boneti na utafute betri iko wapi. Tafuta alama ya kujumlisha na ya kutoa. Tafuta chuma kitupu cha injini, kisicho na rangi, kilicho mbali kidogo na betri. Weka kibanio hapo ukione kinashika.

Kwenye Prius nyingi, betri ya volti 12 iko nyuma kwenye buti, na buti lenyewe linafunguka kwa umeme. Mbele, ndani ya boksi la fyuzi, kuna kifuniko chekundu chenye alama ya kujumlisha: hapo ndipo pa kubustia. Jifunze pia kutoa ule ufunguo wa chuma uliofichwa ndani ya rimoti, maana betri ikifa rimoti haifungui mlango.

Hatua ya 3: Sikiliza kabla ya kushika chochote

"Ka-ka-ka-ka" ya haraka, taa za dashibodi zikififia: betri haina nguvu. Jampu stata itasaidia.

"Tak!" moja tu, taa zikibaki zinang'aa: mara nyingi ni stata au waya uliolegea.

Injini inazunguka vizuri lakini haishiki: hapo tatizo ni mafuta au moto wa plagi. Unaweza kubusti mpaka asubuhi, hutapata kitu.

Kimya kabisa na taa zinawaka vizuri? Hakikisha gia iko P. Nimesafiri kilomita nyingi kwenda kusogeza gia tu.

Hatua ya 4: Mkague mgonjwa

Vuta hendibreki, zima kiyoyozi, redio na taa kubwa. Toa pembetatu za tahadhari uziweke mbali nyuma ya gari. Matawi ya miti peke yake usiku hayaonekani vizuri.

Sasa mulika betri. Ikiwa imevimba, ina ufa au inavuja tindikali, usiibusti. Kama ni nzima, shika vichwa vya nyaya uvitikise kwa mkono. Kikicheza, au kikiwa kimefunikwa na ule unga mweupe wenye ubluu, kikwangue, kizungushe kikaze, kisha jaribu selfu. Mara nyingi gari linawaka hapo hapo bila kubusti.

Hatua ya 5: Unganisha kwa mpangilio huu

Plagi ya nyaya ikiwa bado haijaingia kwenye kifaa, weka kibanio chekundu kwenye chanya. Weka cheusi kwenye kile chuma kitupu ulichokichagua siku ya zoezi. Betri hutoa gesi ya haidrojeni, na cheche ya mwisho isitokee juu yake. Hakikisha nyaya ziko mbali na feni na mikanda. Ndipo uchomeke plagi. Taa ya kijani ikiwaka, uko sawa. Nyekundu au mlio maana yake umegeuza, toa uanze upya.

Betri ikiwa imekufa kabisa, kifaa kinaweza kisiione na kisitoe umeme. Hapo ndipo kazi ya kitufe cha kulazimisha, kwa kawaida kimeandikwa "Boost". Kukibonyeza kunaondoa ulinzi: ukiwa umegeuza nyaya hakuna kitakachokuzuia kupiga shoti. Angalia rangi mara mbili kabla hujakigusa.

Hatua ya 6: Piga selfu

Sekunde tatu, zisizidi tano. Lisipowaka, subiri dakika moja au mbili, kifaa kipoe. Mara tatu zikipita bila mafanikio, acha na urudi hatua ya 3. Gari la haibridi, la petroli na umeme kama Prius, haliungurumi, wewe subiri neno READY liwake.

Likiwaka, usizime. Ndani ya sekunde 30 chomoa plagi, toa kibanio cheusi, kisha chekundu.

Hatua ya 7: Tafuta sababu

Pima volti injini ikiwa inanguruma. Kati ya 13.8 na 14.5, oltaneta, ile mashine ya kuchaji betri inayozungushwa na injini, inachaji. Ikibaki 12 na inashuka, oltaneta haifanyi kazi na gari litazima tena mbele ya safari, kwa hiyo nenda moja kwa moja kwa fundi. Kesho yake asubuhi, kabla hujawasha, pima tena. 12.6 ni betri iliyoshiba. Chini ya 12.2 baada ya kuendesha vya kutosha, andaa hela ya betri mpya.

Hatua ya 8: Irudishie chaji na uitunze

Iache ipoe kwanza, ndipo uichaji. Isikae juu ya dashibodi. Gari lililofungwa juani linapata joto la kuivimbisha lithiamu. Iweke chini ya kiti, na siku gari linashinda juani ichukue ndani. Ikivimba, usiichaji tena.

Kila miezi mitatu itazame chaji. Yule baba wa Doma amebandika kipande cha plasta kwenye kifaa chake, anaandika tarehe kwa kalamu kila anapokichaji. Mwezi uliopita alipita gereji kubadilisha oili, akakitoa chini ya kiti akanionyesha: tarehe tano, moja chini ya nyingine.