Jinsi ya kutafuta vyura wa mitini usiku, vijito vya Milima ya Rubeho

Ukizoea vumbi la Dodoma mjini huwezi kuamini, lakini Mpwapwa inapakana na Milima ya Rubeho, sehemu ya safu ya milima iitwayo Tao la Mashariki, na misitu ya juu ina vijito na vyura wa mitini. Jirani, milima ya Ukaguru, yuko chura aliyeelezwa kisayansi mwaka 2002 kwa jina la Kiswahili kabisa: Churamiti maridadi. Huyo usimtarajie; hata watafiti wamemwona kwa nadra mno.

1. Nenda msimu wa mvua, Desemba hadi Aprili. Ripoti kwa mtendaji wa kijiji, chukua kibali ofisi ya misitu na utembee na mwenyeji. Tochi msituni usiku bila taarifa, utadhaniwa mpasua mbao.

2. Kabla ya safari sugua mabuti, yaoshe kwa maji yenye jiki, yaanike yakauke kabisa. Kuna kuvu anayeua vyura, na husafiri kwenye tope la viatu.

3. Pita kijitoni mchana ujue mawe yanayoteleza.

4. Giza likiingia, zima tochi ukae kimya dakika kumi. Wanaolia ni madume. Ukisogea wakanyamaza, ganda hapohapo, wataanza tena. Sasa washa tochi, uiweke usawa wa macho yako, umulike majani polepole. Macho ya chura yatang'aa. Vimeta vidogo kama punje za kioo ni buibui; usiku wangu wa kwanza niliwafuata hao karibu saa nzima, mwenyeji wangu akicheka.

5. Mwangalie mboni. Ikiwa imesimama wima, huenda ni wa jenasi (kundi la spishi za karibu) ya Leptopelis. Ikiwa imelala, fikiria jenasi nyingine, Hyperolius. Piga picha ya ubavu, kisha vidole vyenye visahani vya kunatia. Usikanyagekanyage kingo: Leptopelis hufukia mayai kwenye udongo kando ya maji.

6. Usimshike. Ngozi yake hupitisha hewa na maji, kwa hiyo hupitisha pia dawa ya mbu iliyo mkononi mwako.

7. Andika saa, hali ya mvua na idadi ya sauti, kwa penseli, maana wino hulowa. Rekodi mlio kwa simu dakika mbili, na mwishoni taja tarehe na jina la kijito kwa sauti yako.