Begi la mchoraji: kufunga rangi, kanvasi na nguo za baridi kwa safari ya ndege

Ukiomba "rangi ya mafuta" dukani Kariakoo, utapewa ya kopo, ile ya kupakia milango na mageti. Ndiyo inayotumiwa na wachoraji wa Tingatinga, mtindo ulioanzishwa na Edward Saidi Tingatinga jijini Dar es Salaam mwaka 1968. Mchoraji mwingine akitaja rangi ya mafuta, anamaanisha ya tyubu, iliyokorogwa kwa mafuta ya mbegu za kitani. Jina ni moja, lakini uwanja wa ndege unazitenganisha. Ya tyubu inasafiri. Ya kopo haisafiri na abiria, si mkononi wala kwenye begi kubwa.

Mpaka ni nyuzi 60 za Selsiasi. Kimiminika ambacho mvuke wake unashika moto katika joto hilo au chini yake huhesabiwa kuwa mzigo wa hatari. Mvuke wa tapentaini, kimiminika cha kuyeyushia rangi kama tina, unashika kwenye nyuzi 35 hivi, wa mafuta ya kitani hadi joto lipite 200. Rangi ya kopo nayo hukorogwa kwa vimiminika vya aina ya tina. Kwa hiyo acha nyumbani rangi za kopo, tina, tapentaini, vanishi yenye tina, na makopo ya kupuliza hata kama limebaki tone. Brashi zioshe kwa sabuni, zianike siku mbili, kisha zinuse. Ukisikia harufu ya tina, mkaguzi naye ataisikia. Na usifunge matambara yaliyolowa mafuta ya kitani: yakikauka huku yamekunjamana hujitia joto yenyewe, na yanaweza kuwaka bila kiberiti.

Anayetegemea rangi ya kopo amwandikie mwenyeji wake mapema amtafutie ya huko huko, tena amtumie picha ya kopo lenyewe. Ulaya rangi nyingi za kung'aa siku hizi ni za maji, na hazitelezi chini ya brashi kama ulivyozoea. Kama muda ni mfupi, fanya kazi kwa akriliki, rangi ya wasanii inayochanganywa na maji.

Kwa wiki mbili za picha ndogo, tyubu saba za mililita 75 zinatosha: nyekundu, njano, bluu, kahawia, nyeusi, na nyeupe mbili, kwa kuwa nyeupe ndiyo huisha kwanza. Zote ni kama kilo moja hivi. Ziweke kwenye begi kubwa. Mkononi zinaruhusiwa kwa kuwa hazizidi mililita 100 kila moja, lakini zitajaza ule mfuko wako mmoja wa vimiminika, wa lita moja, na dawa ya meno itakosa nafasi.

Tyubu huvuja kwa sababu ya hewa. Ndege ikiwa juu, hewa ya ndani huwa nyepesi kama ya mlima wa mita 1,800 hadi 2,400, yaani kama umetolewa Dar ukapandishwa ghafla juu kuliko Nairobi. Hewa iliyonaswa kwenye tyubu hutanuka na kusukuma rangi nje. Fungua kifuniko, minya taratibu mpaka rangi ifike mdomoni, futa sehemu ya kukazia kifuniko, weka kipande cha nailoni, kaza. Kisha zipange kwenye kopo gumu la chakula lenye kifuniko, katikati ya nguo. Juu ya kopo andika kwa Kiingereza kwamba ni rangi za wasanii za maji, au za mafuta ya mimea. Chapisha pia karatasi ya usalama kutoka tovuti ya mtengenezaji na upigie mstari sehemu ya 9, yenye lile joto la kuwaka, na ya 14, ya usafirishaji.

Visu vya kuchanganyia rangi, wembe, mkasi na nyundo ya kuwambia kanvasi: begi kubwa, ncha zikiwa zimefungwa kwa kadibodi. Pauda banki ni kinyume chake, iwe mkononi tu.

Picha za ubao mgumu zifikirie mara mbili. Ubao wa sentimita 60 kwa 60 wenye unene wa milimita 3 unakaribia kilo moja, hivyo kumi zinameza karibu nusu ya kilo 23 ambazo mashirika mengi hukupa. Kanvasi itoe kwenye fremu uikunje kuzunguka bomba la PVC la inchi 4, upande wenye rangi ukitazama nje. Wengi hukunja rangi ndani wakidhani wanailinda, kumbe wanaibana na kuitia mikunjo. Kati ya picha na picha weka karatasi ya kuokea mikate, ile isiyonata. Gazeti huacha wino, na plastiki ya mapovu huacha alama za duara kwenye rangi ambayo haijakomaa. Funga juu kwa khanga, fundo liwe legevu. Bomba la sentimita 65 linaingia kwenye begi la 75, na tundu lake lisikae bure: jaza soksi na fulana.

Nguo za baridi, kwa Dar, zitafute mitumba ya Karume. Nairobi nenda Gikomba. Jaketi lililotoka Ulaya kwa marobota linarudi kwao likiwa mgongoni mwako. Jaribu zipu mara kumi kabla ya kulipa. Jaketi na viatu vizito vaa siku ya safari, hapo umeokoa kilo mbili au zaidi. Begini weka fulana mbili nyembamba za mikono mirefu za kuvaa ndani, sweta mbili, suruali mbili, mzula, glavu na nguo moja chakavu ya kufanyia kazi. Viatu vya pili vikae upande wa magurudumu, ili begi likisimama visiangukie rangi. Seti moja ya nguo, brashi tatu na daftari la michoro viende mkononi, endapo begi kubwa litachelewa.

Ukifika mahali pa baridi, usikunjue kanvasi mara moja. Rangi iliyopoa huwa ngumu na hupasuka ikikunjuliwa. Liache bomba ndani ya chumba chenye joto, mbali na hita, mpaka asubuhi.