Mzigo mmoja wa korosho, logi nne: kuandika logi za nje kwenye Durable Functions

Tuseme unaratibu mizigo ya korosho kwa Azure Durable Functions, zana ya Microsoft ya kuendesha kazi zenye hatua nyingi, msimbo ukiwa Python. Aktiviti (kitendakazi kinachofanya hatua moja) ya kwanza inasajili uzito uliopimwa kwenye Amcos, chama cha ushirika cha wakulima, huko Tandahimba, ya pili inatoa stakabadhi ya ghala, ya tatu inamlipa mkulima baada ya mnada. Juu kabisa ya kiratibu, yaani kitendakazi kinachoziita aktiviti hizo kwa mpangilio, umeandika `logging.info`. Ukifungua logi, mzigo uleule umepokelewa mara nne.

Hakuna kilichoharibika. Kiratibu hakikai macho kusubiri mnada. Kikifika kwenye `yield` kinaweza kuondolewa kwenye memori; jibu la aktiviti likirudi, kinaanza upya mstari wa kwanza, kikichukua majibu ya nyuma kutoka kwenye historia. Aktiviti tatu maana yake ni mwendo wa kwanza na marudio matatu.

Kwa logi za kawaida, zuia marudio:

```
if not context.is_replaying:
    logging.info("Mzigo %s umepokelewa", context.instance_id)
```

Kwenye C# kuna `CreateReplaySafeLogger`.

Kutuma logi kwenye huduma ya nje ni habari nyingine. Usiite `requests.post` ndani ya kiratibu, hata ukiificha chini ya `if` hiyo. Seva ikizimika kabla historia haijahifadhiwa, kiratibu kitarudi na `is_replaying` bado ni `False`, na logi itatumwa tena. Wito huo uhamishie kwenye aktiviti:

```
jaribu = df.RetryOptions(5000, 3)
try:
    yield context.call_activity_with_retry("TumaLogi", jaribu, taarifa)
except Exception:
    pass
```

Hapo ni majaribio 3, la kwanza likishindwa inasubiri sekunde 5. Usiiache `try`: bila hiyo, huduma ya logi ikilala, malipo ya mkulima yanakwama kwa kosa lisilomhusu.

Aktiviti nayo huahidiwa kufanyika angalau mara moja, si mara moja tu. Kwa hiyo ndani ya `taarifa` weka ufunguo wa `instance_id` (kitambulisho cha mwendo wa mzigo huo) pamoja na jina la hatua, na upande wa kupokea ukatae ufunguo uliokwisha kuingia. Muda uchukue kwenye `context.current_utc_datetime`, kamwe si `datetime.now()`, ambayo hubadilika kila marudio. Muda huo ni wa UTC, hivyo saa 4 asubuhi ya Mtwara itasomeka 07:00. Geuza wakati wa kuonyesha, si wakati wa kuhifadhi.

Usitengeneze aktiviti ya logi kwa kila mstari. Kila wito unaongeza matukio kwenye historia, na marudio yanazidi kuwa mazito. Mara nyingi inatosha kutuma logi ndani ya aktiviti inayofanya kazi yenyewe, mfano ile ya stakabadhi.

Kuongeza `TumaLogi` katikati ya msimu ndiko kunakouma zaidi. Mizigo iliyokwisha kuanza ina historia isiyo na hatua hiyo, hivyo iliyokwisha kupita mahali hapo ikirudiwa inaanguka kwa kosa la `Non-Deterministic workflow detected`. Fanya badiliko kabla minada haijafunguliwa. Ikishindikana, peleka toleo jipya kwenye app nyingine yenye `hubName` yake (jina la mahali historia inapohifadhiwa) katika `host.json`, na ya zamani ibaki hewani ikimalizia mizigo yake.